Miiba ya fedha ndani ya betri

Maji yakitoka Wambaa, hapa Pemba, matope hubaki wazi hadi mbali, na mizizi ya mchu huonekana imechomoza mamia kwa mamia, kama penseli zilizochomekwa. Niliikumbuka mizizi hiyo nikiwa kwa fundi simu. Betri yangu ilikuwa imevimba hadi kioo kikainuka. Fundi aliichomoa polepole kwa kipande cha plastiki, akaitia kwenye mkebe wa mchanga nje ya kibanda. Nilipotaka kuibonyeza akanishika mkono. "Hiyo usiiguse, kaka. Ikitoboka inawaka."

Uvimbe ule ni gesi. Hutokea majimaji ya ndani ya betri yanapoharibika, na miongoni mwa vinavyoyaharibu ni lithiamu iliyogeuka metali mahali isipotakiwa. Kwa miaka 50 sasa, watengenezaji wa betri wanapambana na metali hiyo.

Miaka ya 1970 Stanley Whittingham, Mwingereza aliyekuwa katika kampuni ya mafuta ya Exxon nchini Marekani, alitengeneza betri ya kuchaji ambayo upande wake hasi ulikuwa lithiamu yenyewe. Hakuna metali nyepesi kuliko hiyo, nayo ni laini hata hukatwa kwa kisu. Lakini kila betri ilipochajiwa, lithiamu iliyorudi haikutandaa sawasawa. Palipokuwa na kinundu kidogo umeme ulijikusanya, ioni, yaani chembe za lithiamu zenye chaji, zikakimbilia hapo hapo, kinundu kikawa mwiba, mwiba ukatoa matawi. Wanasayansi huuita dendraiti, kutokana na neno la Kigiriki la mti. Ukitoboa utando unaotenga pande mbili za betri, betri hupiga shoti. Zimamoto waliitwa kwenye maabara ya Exxon mara kadhaa, hata wakatishia kuitoza maabara gharama za kemikali maalumu za kuzimia moto wa lithiamu.

Onyo hilo halikutosha. Kampuni ya Moli Energy ya Kanada iliuza betri za lithiamu metali, na mwaka 1989, baada ya simu kuwaka moto Japani, ikalazimika kuzikusanya tena kutoka kwa wateja. Kampuni ikaanguka.

Njia ya kutokea ilikuwa imeshaonekana, na mmoja wa walioiona ni Mwafrika. Rachid Yazami, mzaliwa wa Fes, Moroko, akiwa Grenoble, Ufaransa, alionyesha mwaka 1980 kwamba lithiamu inaweza kuingia katikati ya matabaka ya grafaiti na kutoka tena, bila kurundikana kama metali. Mwaka huo huo John Goodenough na wenzake huko Oxford wakapata upande chanya wa oksidi ya kobalti, madini ambayo leo sehemu kubwa huchimbwa Kongo, hasa eneo la Kolwezi, ambako watu huzungumza Kiswahili. Akira Yoshino wa Japani akaunganisha upande huo na kaboni itokanayo na mafuta ya petroli mwaka 1985. Kisha akaangusha kipande kizito cha chuma juu ya betri yake. Kimya. Akarudia kwa betri ya lithiamu tupu, ikalipuka vibaya. Sony wakaanza kuuza betri za namna hiyo mwaka 1991.

Nobeli ya kemia ya mwaka 2019 ilikwenda kwa Whittingham, Goodenough na Yoshino. Kanuni hairuhusu zaidi ya watu watatu, na Yazami akakosa. Hilo linaniuma kila ninaposhika simu, maana grafaiti ndiyo iliyo ndani ya simu nyingi tulizo nazo.

Lakini hata grafaiti ina kikomo. Mpemba ataelewa haraka akifikiria ghala la karafuu. Magunia yakija kwa kasi kuliko wapagazi wanavyoweza kuyaingiza, au ghala likishajaa, yanarundikana mlangoni. Ndivyo lithiamu inavyofanya betri ikichajiwa kwa haraka mno au kupita kiasi: inaganda juu ya grafaiti na kuwa metali. Baridi kali nayo huwachelewesha wapagazi. Pemba haina baridi hiyo, lakini ina chaja duni na betri zilizochoka, na joto huzichosha mapema zaidi. Baadhi ya lithiamu hiyo hukatika na kubaki humo, haifanyi kazi tena. Ndiyo moja ya sababu za simu kuukuu kuisha chaji kabla ya adhuhuri.

Na betri zinatuhusu sana: tangu waya wa umeme uliopita chini ya bahari kutoka Tanga ufike Pemba mwaka 2010, simu nyingi hapa huchajiwa ukutani usiku kucha, na baharini, kwa wavuvi, tochi za betri zinachukua nafasi ya karabai.

Kwingineko ulimwenguni, watafiti wamerudi kwenye metali ile ile iliyowaunguza. Gramu moja ya grafaiti hubeba chaji ya miliampea-saa 372. Ya lithiamu hubeba 3,860. Safari hii wanaiwekea ukuta wa kauri ngumu badala ya majimaji. Miiba imeonekana ikipenya hata humo, ikifuata nyufa ndogo ambazo jicho haliwezi kuziona.