Tauni ya Bombay na Bahari Iliyofungwa, 1896–1900

Maradhi ya kuambukiza hayana njia zao wenyewe. Hupita katika njia zile zile zilizofunguliwa na biashara, ibada na vita. Hupanda merikebu pamoja na marobota ya pamba na magunia ya nafaka, na hushuka bandarini bila ya kuulizwa hati. Kwa sababu hiyo serikali inayotaka kuyazuia haina budi kuwazuia na watu, na hapo ndipo shida huanza. Maana maradhi hayana haki wala heshima ya kudai, lakini watu wanazo. Historia ya tauni ya Bombay ni mojawapo ya mifano iliyo wazi kabisa ya shida hiyo, na mafunzo yake hayajachakaa hata leo.

Tauni hiyo ilikwisha kusafiri mwendo mrefu kabla ya kufika Bara Hindi. Ilitoka Yunnan, kusini-magharibi mwa China, ikafika Canton na Hong Kong mwaka 1894. Na huko Hong Kong, katika mwaka huo huo, Alexandre Yersin alikitambua kijidudu kinachoileta. Mnamo Septemba 1896 daktari Acacio Gabriel Viegas aliwagundua wagonjwa wake wa kwanza wa Bombay katika mtaa wa Mandvi, karibu na gati, mahali palipojaa maghala ya nafaka, na penye nafaka nyingi hapakosi panya. Bombay wakati ule ulikuwa mji wa watu zaidi ya laki nane, wenye viwanda vingi vya nguo, nao ulikuwa lango la Bara Hindi upande wa magharibi. Meli zake zilikwenda Aden, Jidda na Suez. Na majahazi yaliyokuja pwani ya Afrika Mashariki kwa pepo za kaskazi yaliwaleta Makhoja, Mabohora na Mabaniani ambao maduka yao yalikuwa Unguja na jamaa zao walikuwa Bombay, Kutch na Gujarat.

Wakuu wa mji waliogopa mambo mawili kwa wakati mmoja: waliogopa tauni, na waliogopa kwamba dunia itaogopa tauni. Ya pili iliwasumbua pengine zaidi ya ya kwanza, kwa kuwa bandari za Ulaya zingaliweza kuzikataa bidhaa za Bara Hindi zote. Mwezi wa Oktoba 1896 halmashauri ya mji ilitoa amri kwamba maofisa waweze kuingia nyumba yo yote, na mgonjwa apelekwe hospitali apende asipende. Kabla mwezi haujaisha, wafanyakazi wa viwanda wapatao elfu moja waliishambulia hospitali ya Arthur Road, nayo halmashauri ikailegeza amri yake. Lakini hofu ilikwisha kuenea. Watu walianza kuuhama mji kwa maelfu na maelfu, kwa treni, kwa mashua na kwa miguu. Viwanda vikakosa mikono, maduka yakafungwa, na tauni ikafuatana na waliohama.

Tarehe 4 Februari 1897 serikali ya Bara Hindi ilipitisha Sheria ya Maradhi ya Kuambukiza. Ilikuwa sheria fupi, yenye vifungu vinne tu, lakini mkono wake ulikuwa mrefu. Iliipa serikali uwezo wa kuweka kanuni yo yote iliyoona yafaa. Kuwakagua wasafiri wa treni na wa meli. Kuwatenga waliodhaniwa kuwa wagonjwa. Na kuwaadhibu wasiotii. Kifungu chake cha mwisho kilisema kwamba mtumishi aliyetenda kwa nia njema chini ya sheria hiyo hawezi kushtakiwa. Basi raia alipoteza haki ya kukataa, na pia haki ya kulalamika mbele ya hakimu. Ikiwa malalamiko hayana mlango wa halali, hutafuta mlango mwingine; na ndivyo ilivyotokea.

Ukaguzi ulikuwa mkali katika stesheni za reli. Abiria wa daraja la tatu waliteremshwa wakapangwa mistari, wakashikwa shingo, makwapa na kinena ili kutafuta mtoki, ambao ndio alama ya tauni. Abiria wa daraja la kwanza walitazamwa kwa adabu wakiwa wamekaa katika mabehewa yao. Kwa wanawake waliolelewa katika stara, ukaguzi wa namna hiyo mbele ya macho ya watu ulikuwa aibu iliyozidi mauti. Majumbani vitu vilichomwa moto, kuta zikapakwa chokaa, sakafu zikachimbuliwa, na dawa za kuua vijidudu zikamwagwa kwa mapipa. Yote haya yalifanywa kwa imani kwamba ugonjwa umejificha katika nguo, uchafu na udongo. Panya, ambao hasa walikuwa wabebaji, waliusikia msukosuko wakahamia nyumba ya pili pamoja na viroboto wao. Paul-Louis Simond aligundua kazi ya kiroboto huko Karachi mwaka 1898, lakini wataalamu wengi hawakumsadiki mpaka uchunguzi ulipofanywa Bombay baada ya mwaka 1905. Hivyo watu walidhalilishwa kwa ajili ya elimu ambayo bado haijakamilika, nao walioitumia walisema kwa sauti ya watu wenye hakika.

Jambo hilo lilifika kileleni katika mji wa Pune. W. C. Rand, aliyekuwa mkuu wa kamati ya tauni huko, aliwatumia askari wa Kizungu kupekua nyumba kwa nyumba kuanzia Machi 1897. Malalamiko yalikuwa mengi: milango kuvunjwa, mahali pa ibada kuchafuliwa, mali kupotea, wanawake kuguswa. Bal Gangadhar Tilak, mwenye gazeti la Kesari, hakupinga kutengwa kwa wagonjwa. Yeye mwenyewe alisaidia kuanzisha hospitali ya Mabaniani. Alichokipinga ni jeuri. Usiku wa tarehe 22 Juni 1897, katika sherehe za miaka 60 ya utawala wa Malkia Victoria, Rand alipigwa risasi akitoka katika karamu ya Gavana. Mwenzake Ayerst aliuawa pale pale, na Rand alikufa Julai. Damodar Chapekar alinyongwa mwaka uliofuata kwa mauaji hayo, na nduguze wawili wakanyongwa mwaka 1899. Tilak alihukumiwa kifungo cha miezi 18 kwa kosa la uchochezi. Kwa hiyo hatua iliyokusudiwa kulinda afya iligeuka kuwa ukurasa wa kwanza wa siasa mpya ya kupinga utawala.

Wakati nyumba zilipokuwa zikipekuliwa, bahari nayo ilifungwa. Bombay ilikuwa bandari kuu ya mahujaji: wa Bara Hindi penyewe, na wengine waliotoka Afghanistan na Bukhara. Madola ya Ulaya yalikuwa hayajasahau mwaka 1865, ambapo kipindupindu kiliwaua mahujaji wapatao 15,000 huko Makka, kisha kikapita Misri na kuenea Ulaya. Tangu mwaka 1882 mahujaji wa kutoka mashariki walikuwa wakishushwa katika kisiwa cha Kamaran, katika Bahari ya Shamu, wakae karantini siku kumi au zaidi, kwa gharama yao wenyewe, kabla ya kuruhusiwa kwenda Jidda. Sasa tauni ilipotokea, madola yalikutana Venice tangu Februari hadi Machi 1897 kushauriana juu yake. Serikali ya Bara Hindi, ikiogopa kwamba biashara yake yote itafungiwa, iliizuia safari ya Hija ya mwaka huo.

Ili kuelewa uchungu uliofuata, yafaa kukumbuka Hija ilivyokuwa kwa mtu maskini wa wakati ule. Haikuwa safari ya kuamua leo na kuondoka kesho. Mtu aliweka akiba miaka mingi, akauza shamba au ng'ombe, akalipa madeni, akaandika wasia, akaagana na jamaa kama mtu asiyetazamia kurudi. Hija ya mwaka huo iliangukia mwezi wa Mei, na amri ilitoka miezi michache tu kabla yake. Aliyekwisha kuuza ng'ombe hakuweza kuambiwa arudi nyumbani angoje mwakani, kwa kuwa nyumbani hapakubaki kitu cha kungojea, wala hakuna aliyemthibitishia kwamba mwakani mlango utafunguliwa. Masharti ya safari yalitegemea hesabu ya wagonjwa, hesabu ya wagonjwa ilitegemea ukaguzi, na ukaguzi wenyewe uliwafanya watu wawafiche wagonjwa. Msafiri alikuwa amefungwa katika duara ambalo hakulichora.

Tena kulikuwa na swali la usawa. Meli za barua ziliendelea kuwachukua Wazungu na matajiri kwenda Ulaya baada ya kutazamwa na daktari. Marobota ya pamba yalijadiliwa kwa uangalifu mkubwa, lipi lizuiwe na lipi lipite. Hujaji peke yake ndiye aliyefungiwa kabisa, kwa sababu kuzuiwa kwake hakukuipunguzia serikali mapato makubwa, na kwa sababu hakuwa na msemaji katika mkutano wa Venice. Waislamu wengi wakakumbusha ahadi iliyotolewa kwa jina la Malkia mwaka 1858, kwamba serikali haitaingilia dini za raia zake. Wengine wakaamini kwamba tauni ni kisingizio tu cha kuivunja nguzo ya tano.

Haki yadai kwamba upande wa pili nao usikilizwe. Tauni haikuwa kisingizio. Katika miaka iliyofuata iliua watu zaidi ya milioni kumi katika Bara Hindi, na kundi la mahujaji lililosongamana melini lingaliweza kweli kuibeba mpaka Hijazi. Wala si kila hatua ya serikali ilikuwa bure: makambi ya nje ya mji, ijapokuwa yalichukiwa, yaliwaokoa wengi kwa kuwatenganisha na panya wa majumbani, ingawa waliowapeleka huko hawakuijua sababu. Na katika mafundisho ya Uislamu wenyewe lilikuwamo jambo linalojulikana sana, kwamba aliye nje ya nchi yenye tauni asiingie, na aliye ndani asitoke. Khalifa Umar aligeuza njia asiingie Shamu wakati wa tauni ya Amwas. Basi wazo la kuzuia safari halikuwa geni kwa mahujaji hao. Kama wangaliendewa na wanavyuoni wao, wakaelezwa hatari kwa lugha waliyoizoea, wakarudishiwa nauli zao na kuambiwa kwa kipimo gani safari itafunguliwa tena, huenda huzuni yao isingaligeuka kuwa tuhuma.

Ushahidi wa jambo hili umo katika mambo yale yale ya Bombay. Jumuiya ziliporuhusiwa kufungua hospitali zao wenyewe, ambamo mgonjwa alihudumiwa na watu wa mila yake na chakula chake hakikumtia shaka, wagonjwa walianza kupelekwa bila ya askari. Waldemar Haffkine alijidunga mwenyewe chanjo yake ya tauni Januari 1897. Aga Khan wa Tatu, aliyekuwa kijana wa miaka 19, aliidunga mbele ya wafuasi wake, naye akamsaidia Haffkine kupata mahali pa kufanyia kazi. Makhoja wengi wakamfuata. Ushawishi uliweza kufanya kwa siku chache yale ambayo bunduki hazikuyaweza kwa miezi. Kinyume chake, Machi 1898, maofisa walipotaka kumkagua msichana mgonjwa katika nyumba ya mfumaji Mwislamu, ghasia zilizuka Bombay, risasi zikalia, na wachukuzi wa bandarini wakagoma. Aprili 1900 ghasia nyingine zikatokea Kanpur. Kidogo kidogo serikali iliacha upekuzi wa nguvu na kukiri kwamba hatua isiyokubaliwa na watu huuficha ugonjwa mahali pa kuufichua.

Pwani ya Afrika Mashariki haikuwa mbali na mambo hayo. Kisiwa cha Changuu, mbele ya mji wa Unguja, ambacho jela yake ilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1890, kilipata kuwa mahali pa karantini kwa wasafiri wa baharini. Tauni ilipoingia Nairobi mwaka 1902, wakuu waliliteketeza soko la Wahindi kwa moto. Huko nako nyumba za wanyonge ndizo zilizolipa.

Mwaka 2020 sheria ile ile ya 1897 ilitolewa tena katika Bara Hindi kupambana na korona. Katika mwaka huo Hija, ambayo mwaka 2019 ilikuwa na watu karibu milioni mbili na nusu, ilifanywa na watu wapatao elfu moja tu waliokuwa tayari ndani ya Saudia. Mwaka 2021 waliruhusiwa wakazi wapatao elfu sitini. Na mwaka 2022 mlango ulifunguliwa kwa milioni moja, kwa sharti la umri chini ya miaka 65. Mzee aliyeweka akiba maisha yake yote, akangoja miaka miwili, kisha akakuta kwamba miaka hiyo miwili ndiyo iliyomvusha mpaka wa umri, angalimwelewa vizuri sana hujaji wa mwaka 1897.

Tofauti kati ya miaka hiyo ni kubwa: elimu ya viini imekamilika zaidi, na amri ya 2020 ilitoka kwa wenyeji wa Makka wenyewe, si kwa dola ya kigeni. Lakini kipimo cha kuzihukumu amri za namna hii hakijabadilika. Hakitoshi kuuliza kama hatari ilikuwa ya kweli, kwa maana mara nyingi huwa ya kweli. Yapasa kuulizwa pia kama mzigo uliwekwa juu ya mabega yote au juu ya yale yaliyo dhaifu tu; kama aliyezuiwa aliambiwa sababu na muda; na kama palikuwa na mahali pa kupeleka malalamiko yake. Serikali ya Bara Hindi ya mwaka 1897 ilikuwa na jibu jema kwa swali la kwanza. Kwa hayo mengine haikuwa na jibu, na ndiyo maana watu waliosalimika na tauni waliikumbuka kamati ya tauni kuliko tauni yenyewe.