Hoteli ya Carlton: mlango wa Johannesburg uliofunguka, kisha ukafungwa

Katikati ya jiji la Johannesburg nchini Afrika Kusini limesimama jengo la hoteli lenye ghorofa zipatazo 30 ambalo kwa zaidi ya robo karne halijampokea mgeni hata mmoja. Chini yake biashara ziliendelea, wachuuzi wakauza na kununua, na mabasi madogo ya abiria yakapiga honi tangu alfajiri. Juu, vyumba vipatavyo 600 vikabaki vitupu.

Hiyo ni Hoteli ya Carlton. Historia yake inaeleza kwa ufasaha nani aliruhusiwa kuingia katika jiji hilo, lini, na kwa masharti gani.

Ndoto ya dhahabu

Johannesburg ilizaliwa mwaka 1886 baada ya dhahabu kugunduliwa katika eneo la Witwatersrand. Hoteli zake za mwanzo zilikuwa vibanda vya mabati na matofali vilivyojengwa kandokando ya barabara za vumbi, kwa ajili ya wachimbaji, madalali na wasafiri waliofika kwa magari ya farasi.

Tajiri wa madini Barney Barnato alitaka jiji liwe na hoteli ya kulinganishwa na zile za London. Hakuiona. Alifariki dunia baharini mwaka 1897 akiwa safarini kwenda Uingereza. Carlton ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1906, kwenye makutano ya barabara za Commissioner na Eloff, ikawa mahali pa matajiri wa migodi kula, kulala na kukubaliana bei.

Waafrika waliingia humo kwa mlango wa nyuma, wakiwa wapishi, wafuaji na wabeba mizigo. Nje walilazimika kubeba pasi, hati iliyofanana na kipande walichobebeshwa Wakenya wakati wa ukoloni.

Hoteli hiyo ilifungwa na kubomolewa katika miaka ya 1960.

Mgeni ndani, mwenyeji nje

Carlton ya pili ilifunguliwa mwaka 1972, vitalu vichache upande wa mashariki. Ilikuwa sehemu ya mradi mkubwa wa kampuni ya madini ya Anglo American, uliojumuisha maduka ya chini ya ardhi na jengo la ofisi la ghorofa 50. Jengo hilo la ofisi, lenye urefu wa mita 223, lilihesabiwa kuwa refu kuliko yote barani Afrika hadi mwaka 2019, lilipopitwa na jengo la Leonardo katika kitongoji cha Sandton.

Wakati huo sheria ya mwaka 1953 ya kutenganisha huduma za umma kwa misingi ya rangi ilikuwa bado inatumika. Lakini serikali ya makaburu ilihitaji wawekezaji na wageni wa kigeni, na baadhi yao walikuwa weusi. Kuanzia katikati ya miaka ya 1970, hoteli chache, Carlton ikiwemo, zilipewa hadhi ya "kimataifa", yaani ruhusa ya kupokea wateja wa rangi zote kwa masharti maalumu.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Johannesburg aliyepona kwanza ni mgeni. Mwanadiplomasia mweusi kutoka ng'ambo aliweza kulala katika shuka zilizotandikwa na mhudumu kutoka Soweto, ambaye mwenyewe hangeweza kupanga chumba kihalali katika mtaa huo. Sheria za pasi hazikufutwa hadi mwaka 1986.

Ukumbi wa siasa

Hoteli ilipata pia matumizi ambayo wajenzi wake hawakuyakusudia. Novemba 1979, Waziri Mkuu P. W. Botha alikutana hapo na wakuu wa makampuni makubwa kuomba ushirikiano wao, katika kikao kilichobaki na jina la Mkutano wa Carlton.

Tarehe 14 Septemba 1991, ukumbi huohuo ulishuhudia kutiwa saini kwa Mkataba wa Kitaifa wa Amani. Nelson Mandela wa ANC, Rais F. W. de Klerk na Mangosuthu Buthelezi wa Inkatha waliweka saini zao ili kuzuia mauaji yaliyokuwa yakienea katika vitongoji. Nje ya hoteli, maelfu ya wafuasi wa Inkatha walikusanyika wakiwa na silaha za jadi.

Usiku wa tarehe 2 Mei 1994, siku chache baada ya uchaguzi wa kwanza wa watu wa rangi zote, ANC ilisherehekea ushindi wake hapo Carlton. Mandela, aliyekuwa akiugua mafua, alihutubia wafuasi wake na kucheza nao muziki. Mlango wa mbele ulikuwa wazi kwa kila mtu.

Fedha zahamia kaskazini

Haukukaa wazi kwa muda mrefu. Makampuni yalikuwa tayari yanahamia Sandton na vitongoji vingine vya kaskazini, yakihofia uhalifu na kufuata wateja wao. Soko la Hisa la Johannesburg nalo lilihama mwaka 2000. Carlton ilifungwa mwishoni mwa miaka ya 1990, na mwaka 1999 shirika la serikali la uchukuzi, Transnet, likanunua majengo yote kwa randi milioni 33, bei iliyoonyesha jinsi thamani ya katikati ya jiji ilivyoporomoka.

Kuhama huko hakukuiacha mitaa tupu. Vyumba na fremu za maduka zilichukuliwa na watu waliokuwa wamezuiwa kuishi humo, na baadaye wahamiaji kutoka Zimbabwe, Msumbiji, Malawi, Kongo, Ethiopia na Tanzania. Wenye fedha waliondoka wakati uleule wasio nazo walipopata haki ya kuingia.

Hatima tatu

Carlton si hoteli pekee iliyopitia mageuzi. Hoteli ya Kilimanjaro mjini Dar es Salaam, iliyofunguliwa mwaka 1965, ilichakaa, ikabinafsishwa na kufunguliwa upya mwaka 2005, ikiendelea kuwahudumia wenye uwezo. Grande Hotel ya Beira, Msumbiji, iliyojengwa katika miaka ya 1950, ilifungwa mwaka 1963; baada ya uhuru na vita ikawa makazi ya maelfu ya watu wasio na mahali pengine, bila umeme wala maji ya uhakika.

Moja imerudi kuwa hoteli, nyingine imekaliwa na maskini. Carlton imefungwa kwa kufuli.

Swali la makazi

Kufuli hilo lina uzito wake. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Agosti 2023, moto uliteketeza jengo la Usindiso katika barabara ya Albert, umbali mfupi kutoka Carlton, na kuua watu 76. Raia wa Malawi na Tanzania walikuwa miongoni mwao. Jengo hilo, mali ya manispaa, liliwahi kuwa ofisi ya kutoa pasi kwa Waafrika. Mwaka 2024, tume ya Jaji Sisi Khampepe iliilaumu manispaa na kampuni yake ya majengo kwa kushindwa kusimamia usalama.

Si rahisi kuigeuza hoteli ya ghorofa 30 kuwa makazi. Mabomba, lifti, nyaya na mifumo ya kuzima moto iliyokaa miongo miwili bila matumizi hugharimu fedha nyingi, na kodi ya nyumba ambayo mchuuzi anaweza kulipa hairudishi gharama hizo upesi. Kuiacha tupu nako kuna gharama, ila hulipwa na watu wengine: wale wanaogawana chumba kwa mapazia na kupikia koridoni, katika majengo ambayo milango yake ya dharura imefungwa.

Sheria iliyomzuia Mwafrika kupanga chumba katika mtaa huo imefutwa. Chumba chenyewe bado hajakipata.