Bati kwa Tani, Bati kwa Hesabu: Historia Fupi ya Biashara ya Mabati Katanga

1. Utangulizi

Katika nyumba, paa ndilo ambalo mwenye nyumba hulinunua bila kulijua. Udongo wa matofali ameuchimba yeye mwenyewe, au amemwona aliyeuchimba. Miti ya kenchi ameichagua kwa mkono. Bati limetoka mbali, nalo limepita katika mikono mingi kabla ya kufika kwake. Watu wa elimu wameandika sana juu ya shaba iliyotoka Katanga. Juu ya mabati yaliyoingia wameandika machache. Hata hivyo, mkaaji wa Katuba au wa Kenya amelala chini ya bati miaka mingi, na shaba hakuigusa kamwe.

Makala hii yakusudia kueleza historia ya wale waliouza mabati kwa jumla, yaani wenye depo, tangu reli ilipofika hadi siku zetu. Hoja yetu ni moja. Mwenye depo hununua mabati kwa uzito, mwenye nyumba huyanunua kwa idadi. Sehemu kubwa ya historia ya biashara hii imo katika nafasi iliyo kati ya vipimo hivyo viwili.

Kabla ya kuendelea, tuseme neno juu ya jina. Kiswahili sanifu husema bati, mabati. Watu wengi wa mashariki ya Kongo husema manjanja. Wafanyabiashara wetu husema tole, kwa kufuata Kifaransa. Wabemba, walio pande zote mbili za mpaka wa kusini, husema amalata, neno ambalo asili yake ni Kireno. Majina haya manne yaonyesha kwamba kitu hiki kilitufikia kwa njia zaidi ya moja.

2. Kitu chenyewe

Bati la mawimbi lilibuniwa Uingereza. Mwaka 1829 Henry Robinson Palmer, mhandisi wa kampuni ya bandari ya London, alipata hati ya kulinda ubunifu wake wa kukunja bamba la chuma mawimbi ili liezeke paa. Mwaka 1837 Stanislas Sorel, Mfaransa, alipata hati nyingine ya kulinda chuma kisishike kutu kwa kukichovya katika zinki iliyoyeyushwa. Kuelekea mwisho wa karne ya 19, chuma cha kufua kiliacha nafasi kwa feleji.

Mawimbi yale yana faida mbili. Ya kwanza yajulikana na kila fundi: bamba jembamba lililokunjwa huwa gumu, hata laweza kufunika nafasi pana juu ya miti michache. Ya pili ni ya mfanyabiashara: mabati hulaliana. Mia moja yakipangwa moja juu ya jingine hayachukui mahali pakubwa merikebuni wala katika behewa. Nyasi za kuezekea haziwezi kusafirishwa mbali kwa faida, na vigae huvunjika njiani. Bati lilikuwa paa lililofaa kwa biashara ya masafa marefu.

Lakini si kwa masafa ya miguu. Misafara iliyofika Bunkeya katika enzi ya Msiri ilileta vitambaa, shanga na bunduki, ikarudi na pembe na shaba. Mpagazi alichukua mzigo wa kilo 30 hivi. Hata tukihesabu kwa mabati ya siku hizi yenye kilo 8 na nusu kila moja, mpagazi hangezidisha matatu au manne, tena yakiwa marefu kuliko yeye mwenyewe. Nyumba ya mabati 30 ingetaka wapagazi wapatao tisa kwa paa peke yake. Ndiyo sababu paa la bati lilingoja reli.

3. Reli na herufi mbili

Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville mwaka 1910, mwaka uleule mji ulipoanzishwa. Mzigo ulishuka merikebuni katika bandari za kusini mwa Afrika, ukapanda kupitia Rhodesia hadi Sakania, kisha ukafika mjini. Baadaye njia ziliongezeka. Mwaka 1915 reli ya Kabalo ilifika Albertville, leo Kalemie, ikaunganisha mto na ziwa Tanganyika. Ng'ambo ya ziwa reli ya Dar es Salaam ilikuwa imekwisha kufika Kigoma mwaka 1914, na kwa mapatano ya mwaka 1921 Wabelgiji walipata nafasi zao katika bandari za Kigoma na Dar es Salaam. Mwaka 1928 reli ya Bukama ilifika Port-Francqui, leo Ilebo, na mwaka 1931 Katanga iliunganishwa na bandari ya Lobito.

Alama ya njia ya kusini ingali hai katika vinywa vya wauzaji. Mtu akiingia depo ya Lubumbashi leo, huulizwa: wataka BG 28 au BG 32? Wengi hawajui maana ya herufi hizo. Ni kifupi cha kipimo cha Birmingham, mji wa wafua vyuma wa Uingereza, kilichofanywa kipimo halali cha bamba mwaka 1914. Nchi yetu ilitawaliwa na Wabelgiji, ambao walipima kwa milimita. Lakini unene wa paa zetu waitwa kwa hesabu ya Kiingereza hata sasa. Tena hesabu hiyo hupinduka: kadiri namba inavyokuwa kubwa, ndivyo bati linavyokuwa jembamba. BG 28 ni karibu milimita 0,4. BG 32 ni karibu milimita 0,25. Mnunuzi asiyeambiwa hudhani kwamba 32 yashinda 28. Kosa hilo ni la kawaida, na si kila muuzaji hulisahihisha.

4. Depo na mkopo

Kuuza mabati kwa jumla kulihitaji mambo matatu: fedha za kungoja, ghala kavu, na mtu wa kuaminiana naye ng'ambo. Mvua za Katanga huanza yapata Novemba na kukoma yapata Aprili. Watu huezeka kabla ya mvua, hivyo mzigo hauna budi kuwa ghalani tangu kiangazi. Na ili uwe ghalani kiangazi, ni lazima uwe umeagizwa miezi kadhaa mbele. Muda wote huo fedha ya mwenye depo imelala. Ghala nalo lazima liwe kavu, kwa maana mabati yaliyofungwa pamoja yakiingiwa na maji hufanya ukungu mweupe, zinki ikaliwa kabla bati halijapanda juu ya nyumba.

Kwa hiyo biashara hii iliangukia mikononi mwa makampuni makubwa ya Kizungu, na ya jamaa za wafanyabiashara Wagiriki, Waitalia, Wareno na Wayahudi wa kisiwa cha Rhodes waliofanya makao Elisabethville. Mwafrika aliweza kuwa karani wa ghala, mpakizi, au mchuuzi wa misumari. Kuagiza shehena kulimshinda, si kwa kukosa akili ya biashara, bali kwa kukosa mkopo.

Mwenye nyumba Mwafrika aliingia katika biashara hii kwa mlango mwingine. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwakopesha wakaaji wa mji vifaa vya ujenzi ili wajijengee wenyewe; Katuba ilikua kwa njia hiyo, na jina la Ferdinand Grévisse, mtawala aliyeupanga utaratibu huo, halikusahauliwa na wanahistoria. Mwaka 1952 iliundwa pia Ofisi ya Miji ya Kiafrika, iliyojenga nyumba nyingi katika miji mikubwa. Wenye depo walipata mnunuzi mpya, naye ni mfanyakazi mwenye deni. Tangu hapo nyumba ya bati ikawa alama ya mtu aliyetulia mjini, na nyasi zikaanza kuonewa haya.

Twapaswa kusema ukweli wote: bati si paa la starehe. Mwezi wa Oktoba huchoma, na mvua ikinyesha haliruhusu mazungumzo. Nyumba za Wazungu zilitiwa dari, ili hewa iliyo kati ya dari na bati izuie joto. Katika nyumba nyingi za wafanyakazi dari ilingoja fedha ambayo haikupatikana. Depo iliuza vyote viwili. Mwenye nyumba alimudu kimoja.

5. Mwaka 1973 na matokeo yake

Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba biashara na mashamba ya wageni yatapewa Wazaire. Depo za vifaa vya ujenzi hazikusalimika. Wengi wa waliokabidhiwa walitoka katika siasa na utawala. Ghala walilipokea likiwa limejaa, wakaliuza mpaka likabaki tupu.

Ni rahisi kuwacheka watu wale, na wengi wamewacheka. Lakini historia yatutaka tutazame kazi yenyewe. Mali ya mwenye depo haikuwa mabati yaliyoonekana ghalani tu. Mali yake ilikuwa pia barua aliyoweza kuandika ng'ambo na kutumiwa shehena kabla ya kulipa. Amri ya serikali iliweza kuhamisha ghala. Imani ya muuzaji wa ng'ambo haikuhamishika. Mwaka 1974 bei ya shaba ilianguka, na fedha za kigeni zikaadimika. Mwaka 1975 vita vya Angola viliifunga njia ya Lobito. Mwaka 1976 serikali iliruhusu wageni warudishiwe sehemu ya mali yao, lakini baadhi yao walikuwa wamekwisha kwenda zao. Kisha ukaja uporaji wa mwaka 1991, wa Septemba mjini Kinshasa na wa Oktoba Lubumbashi, ukamaliza maghala mengi yaliyosalia.

Baada ya hapo biashara ilishikwa na watu wapya. Wanaume na wanawake walivuka Kasumbalesa kwenda Zambia na nchi za mbele, wakarudi na mabati machache juu ya lori la kukodi, wakayauza, wakarudi tena. Kutoka kwa wasafiri hao zimezaliwa baadhi ya depo zetu za leo, na katika miaka ya 2000 bidhaa za Uchina zikajiunga na zile za kusini na mashariki mwa Afrika.

6. Hesabu ya tani moja

Sasa turudi kwenye hoja yetu. Tuchukue tani moja ya bamba la chuma, bila kuhesabu zinki. Bati la mita 3 hukatwa katika bamba lenye upana wa sentimita 90 hivi kabla ya kukunjwa. Likiwa BG 28, tani hiyo yatoa mabati 118. Likiwa BG 32, yatoa 188. Mwenye depo amelipa uzito uleule wa chuma, lakini ana mabati 70 zaidi ya kuuza. Akiuza jembamba kwa bei yake ya haki, hakuna wizi. Hata maskini hupata paa ambalo asingelipata. Dhuluma huanza pale bati jembamba linapopigwa chapa ya nene. Macho hayawezi kutofautisha sehemu kumi na tano za mia za milimita.

Zinki nayo ni vilevile. Bati lililopakwa gramu 275 kwa mita ya mraba, pande zote mbili zikihesabiwa, hubeba karibu robo tatu ya kilo ya zinki. Lililopakwa gramu 100 halifiki robo tatu ya nusu kilo. Siku ya kununua yote mawili yang'aa. Miaka michache baadaye moja limekuwa jekundu kwenye matundu ya misumari.

Hapa pana jambo la kumhuzunisha Mkatanga. Mgodi wa Kipushi, uliofunguliwa mwaka 1924, ulitoa zinki pamoja na shaba. Tangu mwaka 1953 kiwanda cha Kolwezi kiliisafisha. Zinki ile ilisafirishwa nje. Kipushi ulifungwa mwaka 1993, ukaanza tena kutoa zinki mwaka 2024. Katika muda huo wote mkaaji wa Kipushi aliyetaka paa alinunua bati lililotoka mbali, na kama lilikuwa jembamba, kilichopungua juu yake kilikuwa kitu kilekile kilichochimbwa chini ya miguu yake.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba mwenye depo hakuwa mchuuzi tu. Ni yeye aliyesimama kati ya reli na mtaa, kati ya tani na bati moja, na kila mabadiliko ya njia, ya mkopo au ya utawala yaliishia katika unene wa paa la mtu. Mabadiliko hayo hayamo mikononi mwa mwenye nyumba. Mzani umo. Bati la mita 3 la upana huo, lisilofika kilo 6, haliwezi kuwa BG 28, hata likipigwa chapa gani. Siku ambayo wanunuzi wetu wataomba bati lipimwe kabla ya kulipa, nafasi ile iliyo kati ya vipimo viwili itakuwa imeanza kufungwa.