Patasi ya Ukambani na Chapa ya Meno

Kasikeu, upande wa Kilome katika Makueni, haiko mbali na kituo cha reli cha Sultan Hamud. Ni sehemu ya Ukambani, ambako zamani watu walichongwa meno ya mbele ya juu hadi yakawa na ncha. Afisa wa kikoloni Charles Hobley alichapisha habari za Wakamba mwaka 1910, na Msweden Gerhard Lindblom akatoa kitabu chake kamili mwaka 1920. Desturi hii imo katika maandishi yao. Wageni wengine waliiona kuwa dalili ya ukatili, wengine hata ya kula watu, dhana isiyo na msingi wowote. Yalikuwa mapambo, na aliyeyatengeneza alikuwa fundi. Patasi ndogo ya chuma iligongwa kidogo kidogo, jino likamenyeka vipande vyembamba. Kazi hiyo ilidai ujuzi: enameli ni ngumu lakini huvunjika, na pigo lililokosewa hulipasua jino hadi kwenye kiini, na kiini kikifunguka usaha hufuata.

Lawama ya leo ni ya usafi: chuma kile kile kilipita kinywa hadi kinywa. Lawama hiyo ni ya haki, ila anayeitoa husahau jinsi usafi ulivyochelewa katika sehemu moja ya udaktari wa meno wenyewe. Chukua chapa, ile nakala ya kinywa inayopigwa ili fundi atengeneze meno bandia. Alginati, unga utokanao na mwani, ilienea wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, agari ya Japani iliyotumika awali ilipoadimika. Kwa miongo kadhaa iliyofuata chapa ilitoka kinywani na mate, pengine na damu, ikasuuzwa kwa maji ya bomba, basi, ikapelekwa kwa fundi. Ni homa ya ini aina ya B na UKIMWI vilivyoleta hofu. Mwaka 1986 CDC, taasisi ya kudhibiti magonjwa ya Marekani, ilishauri chapa zisafishwe na kutiwa dawa kabla ya kushikwa na fundi. Mafunzo ya udaktari wa meno katika Chuo Kikuu cha Nairobi yalikuwa yameanza mwaka 1974, miaka kumi na miwili kabla ya ushauri huo.

Mtu atasema kwamba hospitali zilichemsha vyombo vyao tangu zamani, kwa hiyo mlinganisho huu haufai. Kwa koleo na sindano ana haki kabisa. Lakini chapa haichemshiki, na hapo ndipo ugumu ulipo. Alginati ni maji kwa sehemu kubwa: ukiiacha hewani hunywea, ukiitumbukiza katika dawa hunyonya na kuvimba. Ikikaa sana katika maji ya klorini, uso wake huharibika na uimara wake hupungua. Kingo nyembamba zinazobeba alama ya ufizi huchanika plasta iliyomiminwa humo inapotolewa. Ndiyo maana walio makini huisuuza kwanza, huipulizia dawa au huitumbukiza kwa muda usiozidi dakika 10, kisha humimina plasta bila kuchelewa. Silikoni za siku hizi huvumilia zaidi. Polietha, nyenzo nyingine ya chapa ambayo nayo hunyonya maji, haipaswi kulowekwa ovyo. Basi waliokataa dawa kwa kusema kwamba inaharibu chapa walikuwa na nusu ya ukweli: kinachoharibu zaidi ni dawa isiyofaa na muda uliopitiliza.

Patasi nayo isingesafishwa bure. Moto unaoua vijidudu hulainisha chuma kilichokwisha kutiwa ugumu, na makali hupotea. Hata hivyo fundi wa zamani angeweza kuichemsha katika sufuria bila hasara kubwa, na hapa simtetei. Alichokosa ni habari za vijidudu, habari ambazo daktari wa miaka ya 1960 alikuwa nazo tele alipokuwa akiisuuza chapa yake kwa maji matupu.