Neno na Ishara: Mwili katika Mazungumzo Yetu

Tunapozungumzia lugha ya taifa, mara nyingi fikira zetu hukimbilia maneno: msamiati, sarufi, methali na mashairi. Ni sawa, lakini si yote. Mzee anayesimulia kisa cha njaa barazani hasemi kwa ulimi peke yake. Macho yake, mabega yake, kiganja anachokifungua na kukifumba, na hasa kile kimya anachokiacha kabla ya kumtaja marehemu, vyote vinasema. Wasikilizaji nao hawakai kama magogo. Hutikisa vichwa, huguna, hushika tama. Katika makala haya tunakusudia kuitazama sehemu hii ya mazungumzo kwa jicho la historia, maana imegusa mambo makubwa kuliko tunavyodhani. Wako watu waliopata hasara kwa sababu ishara zao hazikueleweka, baadhi yao mbele ya hakimu, na wengine mbele ya mwalimu.

Kiswahili chenyewe ni shahidi wa kwanza. Salamu ya shikamoo hufasiriwa na wengi kuwa ni ufupisho wa maneno yenye maana ya kushika miguu. Leo kijana huitamka akiwa amesimama wima, pengine ana mzigo kichwani, wala haigusi miguu ya mtu. Kitendo kimekwisha, neno limebaki likikikumbusha. Twasema pia kwamba mkutano umeunga mkono hoja, kwamba fulani amempa ndugu yake mgongo, kwamba mjane alipiga moyo konde. Na tukija kwenye uso, utajiri wa vitenzi vyetu unashangaza: kukonyeza, kukodoa, kupepesa, kukunja uso, kubetua midomo, kubibidua mdomo, kufyonya. Lugha yenye vitenzi vingi namna hii vya jicho na mdomo haikutungwa na watu waliosikilizana kwa masikio tu. Mwaka 1985 Sheikh Yahya Ali Omar, mtaalamu wa Mombasa, pamoja na Carol Eastman, walichapisha uchunguzi juu ya ishara za Waswahili, wakazigawa katika vielezi na viingizi. Majina hayo mawili sisi walimu huyafundisha darasani kama aina za maneno, tukayaandika ubaoni bila kuinua hata kidole.

Lakini yafaa tuseme mapema kwamba ishara si moja kwa watu wote. Nchi yetu ina makabila zaidi ya 120, na kila moja lilikuwa na adabu yake ya mwili. Mtoto wa Kimaasai humwinamishia mzee kichwa, na mzee humwekea kiganja utosini. Kwa Wahaya na Wasukuma, msichana aliyelelewa vizuri hupiga magoti anapoamkia wakubwa. Katika miji ya pwani kijana huubusu mkono wa mzee. Sehemu nyingi kitu hupokewa kwa mikono miwili, au kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ukiushika kigangani, na anayetoa kwa mkono wa kushoto huhesabiwa kuwa hakufundishwa. Wengine wetu tulipokuwa wadogo tulikaripiwa kwa kuonyesha kimo cha mtoto kwa kiganja kilicholala, kwa kuwa, tuliambiwa, hivyo ndivyo anavyopimwa mbuzi.

Katika tofauti zote hizo, jicho ndilo lililoleta matatizo mengi zaidi. Kwa jamii zetu nyingi, mdogo anayesemeshwa na mkubwa huteremsha macho. Hateremshi kwa hofu ya kugunduliwa, bali kwa heshima, na kadiri mkubwa anavyokasirika ndivyo macho yanavyozidi kushuka. Katika desturi za Wazungu waliokuja kututawala, mambo yalikuwa kinyume: mkweli alitazamiwa amwangalie mwenzake usoni, na anayekwepa macho alidhaniwa kuwa ana jambo analolificha.

Hebu tuzitazame mahakama za wakati wa Waingereza. Shahidi amesimama kizimbani. Anasema kwa Kigogo au kwa Kisukuma, mkalimani anageuza, hakimu anaandika kwa Kiingereza. Neno limepata mfasiri, lakini jicho halikupata. Na jicho halikuwa jambo dogo, maana sheria ya mwenendo wa mashauri ya jinai, yenye mizizi katika sheria za India chini ya Waingereza, ilimtaka hakimu aandike pia maoni yake juu ya hali ya shahidi alipokuwa akitoa ushahidi, kama aliona yana maana. Kifungu cha namna hiyo kimo hata katika sheria yetu ya mwaka 1985. Isitoshe, majaji wa rufani, ambao hawamwoni shahidi, kwa desturi huheshimu maoni ya yule aliyemwona akisema. Basi mkulima aliyeinamisha kichwa mbele ya hakimu mgeni, kama alivyofundishwa na babu yake kuinamisha mbele ya kila mwenye cheo, aliweza kuandikwa kuwa shahidi asiyeaminika, na maandishi hayo yakamfuata hadi mahakama ya juu.

Barazani kwa wazee, wasikilizaji walimjua msemaji. Walijua kama kigugumizi chake ni cha kuzaliwa au ni cha leo, na kama macho yake hushuka kila siku au yameshuka kwa sababu mbuzi wa jirani ametajwa. Hata hivyo tusilipambe baraza kupita kiasi. Mabaraza nayo yalikuwa na upofu wake. Kijana na mwanamke walitakiwa wanyamaze, kisha kimya chao kikafasiriwa kwa faida ya wakubwa. Msichana aliyeulizwa juu ya mchumba akanyamaza na kutazama chini alihesabiwa kuwa amekubali. Wako waliokubali kweli, wakaona haya kusema. Wako pia waliokuwa wakilia kwa ndani. Ishara ilikuwa ile ile moja. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilipotaka ridhaa ya hiari ya kila mmoja wa wanaooana, ilikuwa inalitaka neno pale ambapo kimya kilikuwa kimetosha kwa muda mrefu.

Tukiliacha baraza tukaingia uwanjani, tunakuta mazungumzo ya namna nyingine, ya mtu mmoja na maelfu. TANU ilipoanzishwa tarehe 7 Julai 1954, ilihitaji wasemaji watakaoeleweka na watu wa makabila yote. Kiswahili kilikuwa chombo cha kwanza. Cha pili kilikuwa mwili wa msemaji. Bibi Titi Mohamed, aliyeongoza sehemu ya wanawake ya chama tangu mwaka 1955, hakutoka chuo cha siasa. Alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba, mjini Dar es Salaam. Tunaamini kwamba hilo halikuwa jambo la bahati tu. Kiongozi wa ngoma huimba akaacha nafasi, waitikiaji wakaijaza. Hutazama bega la mchezaji akajua kama watu wamechoka au wanataka zaidi. Anayelijua hilo hupandi jukwaani akisoma karatasi kutoka mwanzo hadi mwisho huku kichwa kimeinama. Husema, hungoja, na vigelegele humwambia kama neno limefika.

Mwalimu Julius Nyerere naye alikuwa na njia yake. Wanaomkumbuka hukumbuka kifimbo alichopenda kukishika, kicheko chake, na namna alivyozungumza na umati kama mtu anayezungumza na majirani zake, akiuliza swali kisha akingoja. Lakini pengine hotuba yake iliyo kubwa kwa ishara haikusemwa jukwaani. Mnamo Oktoba 1967, miezi michache baada ya Azimio la Arusha, alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200, kwenda kwenye mkutano mkuu wa TANU. Vijana wa mikoa mbalimbali walikuwa wamekwisha kuanza matembezi ya namna hiyo kuliunga mkono Azimio. Rais angeweza kwenda kwa gari na kueleza ujamaa kwa maneno yale yale. Lakini miguu yenye vumbi ilisema kwa wakulima wa kando ya njia jambo ambalo maneno yasingelisema kwa nguvu ile. Ndivyo ilivyokuwa pia mwezi Aprili 1964, udongo wa Tanganyika na udongo wa Zanzibar ulipochanganywa mbele ya watu. Mapatano ya Muungano yana vifungu vingi, na wananchi wengi hawajavisoma, lakini ile picha ya mikono ikimimina udongo hakuna asiyeifahamu.

Kwa hiyo siasa ya taifa ilijipatia ishara zake, na lugha ya taifa ikaenea. Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, jambo lililodaiwa kwa miaka mingi. Mkalimani sasa ana kazi ndogo zaidi. Lakini kuunganisha maneno si kuunganisha ishara. Watu wawili waweza kuzungumza Kiswahili kimoja kilicho safi, kila mmoja akiwa na macho ya kwao.

Hakuna mahali palipodhihirisha jambo hili kama shule za sekondari za bweni. Kwa makusudi ya kujenga umoja, wanafunzi walipangwa mbali na mikoa yao: wa Bukoba akaenda Songea, wa Mtwara akaenda Tabora. Wakalala bweni moja na kula ugali mmoja. Methali zao wakafundishana. Adabu za mwili, kwa kuwa hazimo katika muhtasari wa masomo, kila mmoja alibaki nazo kama alivyotoka nazo nyumbani, na sisi walimu, ambao nasi tulitoka kwetu na zetu, tukazisahihisha kama tunavyosahihisha imla.

Tutaeleza kisa kimoja, ambacho hatujivunii. Katika mwaka wetu wa kwanza wa kazi, katika shule moja ya bweni, fedha za mwanafunzi wa kidato cha pili zilipotea. Jina la mwenzake wa kitanda cha jirani likatajwa. Tulimwita ofisini, tukamsimamisha mbele ya meza, tukamwuliza kama alizichukua. Akasema hakuzichukua. Sauti yake ilikuwa ndogo, na macho yake yalikuwa sakafuni. Tukamwambia, "Nitazame usoni useme hivyo." Akayainua mara moja, akayateremsha tena. Tukarudia kwa ukali zaidi. Safari hii hakuyainua kabisa, na machozi yakaanza kudondoka juu ya viatu vyake. Kwetu hiyo ilikuwa hukumu tosha. Akapewa adhabu ya kufyeka majani nyuma ya bwalo kwa wiki nzima, jua la saa nane likimwakia mgongoni, wenzake wakimwita mwizi.

Siku ya nne fedha zilipatikana ndani ya mfuko wa godoro la mwenyewe, mahali alipozificha akasahau. Tulimwita tena yule kijana, tukamwomba radhi, kisha tukamwuliza, kwa upole safari hii, kwa nini hakututazama siku ile kama kweli alikuwa hana kosa. Alifikiri kidogo, macho yake yakiwa pale pale sakafuni, akajibu: "Mwalimu, ulikuwa umekasirika. Kwetu mtu mzima akikukasirikia nawe ukamkazia macho, umemtukana. Nilidhani unanijaribu uone kama nina adabu."

Alikuwa amejibu maswali yetu yote mawili siku ile, moja kwa ulimi na moja kwa macho, na majibu yote mawili yalikuwa ya kweli. Sisi ndio tuliosoma moja tu, na kulisoma kwa herufi za kwetu. Toka hapo tulianza kufanya jambo dogo: mwanafunzi wa aina hiyo tulimketisha kando yetu, wala si mbele ya meza, sote tukiangalia upande mmoja, dirishani. Wengi wao walizungumza. Wengine walizungumza hadi kengele ikalia.

Shule ile ilikuwa na daftari la adhabu, kubwa, la jalada gumu, lenye safu ya jina, safu ya kosa, na safu ya sababu za kuridhika na kosa. Katika safu ya tatu, mbele ya jina la kijana yule, tulikuwa tumeandika kwa mkono wetu: "Hakuweza kunitazama usoni." Tulikwenda kuifuta. Mkuu wa shule alitukumbusha kwamba daftari lile ni kumbukumbu rasmi na halifutwi. Kinachoruhusiwa ni kuongeza. Basi tukaongeza chini yake, kwa wino wa rangi nyingine, kwamba fedha zimepatikana, na tarehe.