Stoma

Stoma (wingi: stomata) ni kitundu kwenye ngozi ya jani au shina changa ambacho mmea hupitishia hewa na mvuke wa maji. Neno ni la Kigiriki, maana yake kinywa. Kiswahili kililipokea pamoja na wingi wake wa kigeni, ndiyo maana wengi husema "stomata moja" na hakuna anayeshtuka.

Baadhi ya waandishi huviita vitundu hivi vinyweleo. Neno hilo linafaa ngozi ya mtu, panapotoka jasho, lakini kwenye jani linapotosha. Limezaliwa na unywele, na anayesema vinyweleo vimemsimama huwa anazungumzia malaika ya mwilini, si matundu. Tena kinyweleo hakina midomo. Stoma inayo: seli mbili zinazotazamana, ziitwazo seli walinzi. Mwanga ukija, potasiamu huingia ndani yake na maji huifuata. Seli huvimba, na kati yao hubaki mwanya. Udongo ukikauka, homoni huziamuru zilegee na mwanya hufumba. Matundu yote ya jani yakijumlishwa kwa kawaida hayazidi asilimia 5 ya eneo lake, ilhali zaidi ya asilimia 90 ya maji yanayopotea hupitia hapo. Anayetaka kuyaona hahitaji vifaa vya ajabu: apake jani rangi ya kucha isiyo na rangi, aingoje ikauke, aibandue na kuiweka chini ya hadubini.

Saa za kufungua hutofautiana. Ngano ya Njoro, katika kaunti ya Nakuru nchini Kenya, hufungua mchana. Mkonge wa Mogotio, kaskazini mwa mji wa Nakuru kwenye joto na ukame, hufungua usiku, huweka akiba ya hewa ya kaboni, kisha hushinda umefumba.

Ni kwenye ngano ambako kinywa hiki kimewagharimu wakulima wa Nakuru. Mlowezi Mwingereza Lord Delamere alipojaribu kulima ngano Njoro mwanzoni mwa karne ya 20, ugonjwa wa kutu uliiteketeza, akalazimika kuajiri mtaalamu wa kuzalisha mbegu. Kutu ya shina, ambayo wakulima wengine huiita rasti, ni kuvu inayosafiri kwa upepo kama vumbi jekundu. Chembe yake huota usiku penye umande na kutoa mrija mwembamba, unaotambaa kwa kupapasa matuta ya jani hadi ukute stoma. Hapo huvimba juu ya mwanya na kungoja. Kukicha, mwanga ukiingia na umande ukianza kukauka, hupenya ndani. Haitoboi ukuta, hupita mlangoni.

Aina ya kutu hiyo iitwayo Ug99, iliyogunduliwa Uganda na kupewa jina kwa mwaka 1999, iliishinda Sr31, jeni ya kinga iliyokuwa imetegemewa katika nchi nyingi. Kituo cha utafiti cha Njoro, ambacho sasa ni cha KALRO, shirika la Kenya la utafiti wa kilimo na mifugo, kikawa shamba ambako ngano za mataifa mengi hupandwa makusudi katikati ya kutu ili ijulikane zipi zitastahimili. Jambo linalosahauliwa ni kwamba mbegu sugu kwa kawaida haifungi mlango wake, kwani ingejinyima hewa. Humwacha mgeni aingie, kisha seli alizozigusa hufa haraka, naye akakosa chakula.

Hospitalini neno lina maana nyingine. Muuguzi akisema mgonjwa ana stoma, kwa kawaida anamaanisha tundu ambalo daktari wa upasuaji amelifungua tumboni ili kinyesi au mkojo upitie hapo. Hiyo haina seli walinzi wala msuli wa kuifumba, kwa hiyo mgonjwa hubandika mfuko juu yake.