LISHE: Kuacha nyama hakutoshi, sharti ujue cha kula badala yake

MLO usio na nyama una manufaa makubwa kwa afya, hasa ya moyo, mradi anayeufuata ajue namna ya kuziba pengo linaloachwa na nyama.

Watu huacha nyama kwa sababu mbalimbali. Wapo wanaoongozwa na imani, wakiwemo Wajaini, Wahindu wengi, Warastafari na baadhi ya Waadventista Wasabato. Wengine husukumwa na ushauri wa daktari, huruma kwa wanyama au bei ya nyama buchani.

Aidha, walaji mboga si wa namna moja. Kuna wasiotia kinywani nyama wala samaki lakini hunywa maziwa na kula mayai. Wengine hujiepusha na kila kitokacho kwa mnyama, hata asali. Kundi hili la pili ndilo linalohitaji uangalifu zaidi.

Manufaa yaliyothibitishwa

Miongoni mwa tafiti zinazotajwa sana ni ule unaoendeshwa na Chuo Kikuu cha Loma Linda, California, kuhusu Waadventista wa Marekani na Canada. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013, yaliyohusu zaidi ya watu 73,000, yalionyesha kuwa hatari ya kufariki katika kipindi cha uchunguzi ilikuwa chini kwa asilimia 12 miongoni mwa walaji mboga ikilinganishwa na waumini wenzao waliokula nyama. Uzito wa ulinganisho huo ni kwamba wengi wa pande zote mbili hawavuti sigara wala hawanywi pombe.

Nchini Uingereza, watafiti wa Oxford waliwafuatilia zaidi ya watu 48,000 kwa takriban miaka 18. Mwaka 2019 waliripoti kuwa hatari ya ugonjwa wa moyo unaotokana na mishipa kuziba ilikuwa chini kwa asilimia 22 kwa walaji mboga. Hata hivyo, hatari ya kiharusi ilikuwa juu kwa asilimia 20, jambo linaloonyesha kuwa mlo huu si kinga ya kila maradhi.

Sababu za manufaa hayo zinaeleweka. Mimea haina lehemu, na mingi ina mafuta kidogo ya aina inayoziba mishipa. Nyuzinyuzi zilizomo kwenye maharagwe, ndengu, mboga na nafaka zisizokobolewa hupunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu, hulainisha choo na humfanya mtu ashibe mapema. Ndiyo maana walaji mboga wengi huwa na uzani wa wastani, na visa vya kisukari miongoni mwao ni vichache.

Kuhusu saratani, shirika la utafiti wa ugonjwa huo lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitangaza mwaka 2015 kuwa nyama zilizosindikwa, kama vile soseji na bekoni, husababisha saratani ya utumbo mpana. Kila gramu 50 zinazoliwa kwa siku huongeza hatari hiyo kwa takriban asilimia 18. Nyama nyekundu, ikiwemo ya ng'ombe na mbuzi, iliwekwa katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani.

Pengo la kuziba

Kuacha nyama pekee hakumpi mtu afya. Anayeshinda kwa chai, mkate mweupe, chipsi na soda hali nyama, lakini hajajifaa kwa lolote.

Protini si tatizo kubwa kwa Mkenya. Katika githeri, maharagwe huwa na kirutubisho cha protini ambacho ni haba katika mahindi, nayo mahindi hufidia kilicho haba katika maharagwe. Mbaazi za nazi kwa mahamri, pojo kwa wali na kunde kwa ugali wa mtama hufuata kanuni iyo hiyo.

Madini ya chuma yamo katika mboga za kiasili kama vile managu, terere na saga, ambazo Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta (JKUAT) amezifanyia utafiti kwa miaka mingi. Lakini mwili hufyonza chuma cha mimea kwa shida kuliko cha nyama. Kukamulia ndimu au kula chungwa pamoja na mlo husaidia sana, ilhali chai inayonywewa na chakula huzuia. Ni heri kuisubirisha kwa saa moja hivi. Kuloweka maharagwe na kuchachusha uji pia husaidia.

Hatari kubwa zaidi ni ukosefu wa vitamini B12, ambayo haipatikani katika mimea kwa kiwango cha kutegemewa. Ini huhifadhi akiba inayoweza kudumu kwa miaka, hivyo upungufu hujitokeza baada ya mtu kujiaminisha kuwa yu salama. Dalili zake ni uchovu, ganzi miguuni na mikononi, na usahaulifu. Ukichelewa kutibiwa, madhara kwa neva huenda yasipone.

Tangu mwaka 2012, sheria ya Kenya hutaka unga wa mahindi na wa ngano unaouzwa kwa pakiti uongezwe virutubisho, B12 ikiwemo. Unga wa kusagisha kwenye posho mill hauna nyongeza hiyo. Kwa hivyo, asiyetumia maziwa wala mayai anahitaji tembe za B12 au vyakula vilivyoongezwa vitamini hiyo kwa kiwango cha kutosha.

Wajawazito, mama wanaonyonyesha na wazazi wa watoto wadogo wamwone mtaalamu wa lishe kabla ya kuondoa kabisa vyakula vya wanyama. Wagonjwa wa kisukari nao wamwarifu daktari, kwa kuwa huenda kipimo cha dawa kikahitaji kubadilishwa, na metformin yenyewe hupunguza B12 mwilini.

Kwa asiyetaka kuacha nyama kabisa, kuipunguza pia kuna faida. WHO hupendekeza angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, kiwango ambacho hata mpenzi wa nyama choma anaweza kukifikia.